La Zamani, Jipya, au Changanya

Nchi hii siitaji jina, si kwa kuogopa, ila kila ninapoitaja kwa rafiki zangu wa nchi jirani wanakasirika, wakidhani nawasema wao. Basi iwe nchi tu. Ina bendera, ina wimbo, ina mto mmoja wenye madaraja mawili, moja la kupita na jingine la kuzinduliwa.

Shughuli zote za Serikali yake zilikuwa ndani ya kompyuta moja kubwa, iliyokaa kwenye chumba chenye baridi pale Wizara ya Maboresho. Tuliiita Mfumo. Mfumo ulijua nani kazaliwa, nani kalipa kodi, nani apewe dawa na nani afungwe. Ukitaka chochote unaweka kidole kwenye kioo kidogo, nao unakujibu "Karibu" na jina lako lote. Wazee walipapenda sana hapo pa kuitwa jina. Wako waliokwenda ofisini bila shida yoyote, wakaweka kidole, wakaitwa, wakarudi nyumbani wameridhika.

Mfumo wenyewe ulitengenezwa ng'ambo. Ulipoletwa haukujua lolote juu yetu. Ulikuja na mafaili yake ya mipangilio, ndiyo yanayouambia hapa ni saa ngapi, karatasi zichapwe wapi, barua zipite njia gani, na watu wa nchi ni akina nani. Mafundi wetu waliyasahihisha mafaili hayo miaka mingi, mstari kwa mstari, mpaka Mfumo ukawa mwenyeji kuliko wenyeji.

Ndipo watengenezaji wakatuma toleo jipya. Toleo jipya nalo lilikuja na mafaili yake, ambayo hayakuwa na habari kwamba sisi tumo duniani. Kwa hiyo wakati wa kuboresha, kompyuta hufanya jambo la busara ambalo sijaona kiongozi akilifanya. Inaweka faili la zamani na jipya ubavu kwa ubavu, inaonyesha yanapotofautiana, kisha inauliza: mbaki na la zamani, mchukue jipya, au mchanganye? Kuchanganya ndiko kwenye maana. Unachukua zuri la huku, unaacha baya la kule. Ubaya wa kuchanganya ni mmoja tu, lazima usome yote mawili.

* * *

Dada yangu Tunu alikuwa mpika chai wa Wizara hiyo. Alikuwa na ugonjwa wa sukari wa kujidunga sindano kila siku, na kazi yake ilikuwa kukoroga sukari kwenye vikombe vya wakubwa. "Nawapikia ugonjwa wenye afya zao," alikuwa akisema, "na mimi nimeupata bila hata kuonja."

Mumewe, shemeji yangu Kondo, ni mchinja kuku sokoni. Si msemaji. Maneno yake yote huyatumia kusema bismillahi mbele ya kuku, yakibaki machache ndiyo anamletea mkewe.

Sasa lazima niwaeleze desturi moja, maana bila hiyo hamtaelewa tulivyokufa. Katika nchi hii kuna Adabu ya Neno la Kwanza. Mkubwa akishasema neno, aliye chini yake hasemi neno jingine. Anasema "naafiki" na kulirudia lile lile. Ni adabu ya zamani kuliko Serikali. Harusini, mjomba mkubwa akionja pilau akasema halina chumvi, kila mtu anaongeza chumvi kwenye sahani yake, kisha watu wanashindana kunywa maji na hakuna anayeuliza kwa nini.

Siku ya kuboresha Mfumo ilifanywa sikukuu. Kompyuta ilivalishwa kitambaa cha rangi za taifa. Palikuwa na bendi ya polisi, na keki yenye umbo la kompyuta, kubwa kuliko kompyuta yenyewe. Waziri wa Maboresho, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Kilindilo, akasimama kuhutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "yako mataifa yanayoboresha mifumo yao kimyakimya, kwa kujificha, kama wezi wa kuku. Sisi tunaboresha mchana kweupe, kwa ngoma, mbele ya mabalozi. Hatuna cha kuficha. Na tungekuwa nacho, tungekizindua."

Bendi ikapiga. Fundi Mkuu, Bwana Mpangile, mtu mpole mwenye kusoma sana, akasogea kwenye kompyuta na kusoma swali la kwanza.

"Faili la salamu, Mheshimiwa. La zamani linasema, 'Karibu ndugu, tukuhudumie.' Jipya linasema, 'Mfumo uko tayari.' Tubaki na la zamani, tuchukue jipya, au tuchanganye?"

"Jipya," akasema Waziri. "Sisi si watu wa zamani."

Watu walipiga makofi mpaka kitambaa cha kompyuta kikadondoka. Hapo ndipo nchi ilipokwisha, lakini kwa vile keki ilikuwa bado haijakatwa, hakuna aliyeona.

Faili la pili lilikuwa la saa. Itifaki haimruhusu mkubwa kujibu mara mbili, maana itaonekana jibu lake la kwanza halikutosha. Likamfikia Naibu Waziri. "Naafiki," akasema. "Jipya." Tangu hapo saa ya nchi ikawa saa ya mji wa watengenezaji, na ofisi za Serikali zikawa zinafunguliwa alasiri. Faili la barua likamfikia Katibu Mkuu. Naafiki, jipya. Tangu hapo kila barua iliyotumwa Serikalini ikawa inamrudia aliyeiandika, ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Wakaingia wakurugenzi, wakaingia makaimu wa wakurugenzi, wakaja makarani, mpaka dereva wa Waziri aliitwa kutoka garini akaafiki faili la uchapaji, na mashine zote za kuchapa nchini zikanyamaza.

Likabaki faili moja, na watu wote walikuwa wameshajibu. Mkuu wa Itifaki akazungusha macho ukumbini. Aliyekuwa bado hajaafiki chochote alikuwa Tunu, amesimama mlangoni na birika.

"Mama Chai, njoo."

Tunu akaweka birika chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Faili la watu," akasoma Bwana Mpangile, na sauti yake ikapungua. "La zamani lina majina ya wananchi wote. Jipya lina majina saba."

"Na hawa wengine wanakwenda wapi?" Tunu akauliza.

"Mama, hatukukuita uulize," akasema Mkuu wa Itifaki. "Tumekuita ujibu."

"Nauliza tu, baba. Na mimi nimo humo."

"Afiki, mama. Keki inakauka."

Tunu akamtazama Bwana Mpangile. Bwana Mpangile akatazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vipya, vya sherehe.

"Naafiki," akasema dada yangu. "Jipya." Wakamwonyesha kitufe, akakibonyeza. Bendi ikapiga wimbo wa taifa, na mabalozi wakasimama kuwaheshimu wananchi ambao walikuwa hawapo tena.

* * *

Majina saba yaliyobaki yalikuwa haya: Mwenye Mfumo, Mchapaji, Mpeleka Barua, Mtunza Saa, Mfagiaji, Mlinda Mlango na Mgeni. Yule wa kwanza Ikulu ilisema ni Rais, na hakuna aliyebisha. Wale sita wengine si watu. Ni majina ambayo kompyuta hujipa yenyewe inapofanya kazi zake, kama mtoto anayecheza duka peke yake, mara yeye muuzaji, mara yeye mteja.

Wiki ile redio ya Taifa ilitangaza mafanikio. Nchi haikuwa na mgonjwa hata mmoja. Ajira zilikuwa zimekamilika, kwa kuwa kati ya watu saba, sita walikuwa kazini. Hapakuwa na mfungwa, hapakuwa na yatima. Waziri naye jina lake lilikuwa limefutika kama letu, lakini hakupata usumbufu. Mlango wa Waziri hufunguliwa na askari kwa mkono.

Sisi tukaenda kwenye dirisha la dawa. Dawa ya sukari kwetu haiuzwi dukani. Serikali iliichukua yote ili igawiwe kwa haki, ikaifungia kwenye makabati yanayofunguliwa na Mfumo. Dirishani alikuwepo Yusta, binti tunayemfahamu tangu anabebwa mgongoni.

Tunu akaweka kidole. Kioo kikaandika: Hatambuliki.

"Weka tena, mama," akasema Yusta.

Hatambuliki.

"Yusta, mwanangu, hunijui mimi?"

"Mama Tunu, nakujua. Juzi nimekula mihogo kwako."

"Basi nipe."

"Mimi nakujua. Kabati halikujui."

Kondo akainama, akalitazama lile kabati kwa jicho la kazi, kama anavyomtazama kuku. "Na likivunjwa?"

"Linamwaga dawa yote chini, baba. Limetengenezwa hivyo ili watu wasiibe."

"Kumbe lina akili," akasema Kondo.

Nyumbani tulikuwa na chupa chache, Tunu anazihifadhi ndani ya mtungi wa maji ili zisipate joto. Akaanza kujidunga nusu. Nikamwambia dada, nusu si dozi. Akanijibu, "Na robo je? Maana ndiko tunakokwenda."

* * *

Kondo alikwenda kwa Bwana Mpangile. Nilimsindikiza. Tulimkuta barazani anapuliza kahawa.

"Nakala ya lile faili la zamani ipo?" Kondo akamuuliza. Hakusalimia.

"Ipo, mzee wangu," akasema Bwana Mpangile, na uso ukamng'aa kidogo. "Fundi asiyeweka nakala kabla ya kuboresha si fundi. Niliiweka yote."

"Iko wapi?"

Uso ukazima. "Mnarani."

Ukweli ni kwamba siku chache kabla ya sherehe Waziri aliweka jiwe la msingi la Mnara wa Maboresho. Kwetu jiwe la msingi halikai tupu. Huzikwa chini yake kitu cha zamani chenye thamani, ili kipya kisimame juu yake. Mbele ya wageni, Waziri akaomba apewe kitu cha zamani kutoka kwenye Mfumo. Bwana Mpangile alikuwa ameishika ile nakala mkononi.

"Kwa hiyo ukampa nchi nzima aizike," akasema Kondo.

"Aliomba mbele za watu, mzee. Ningesemaje?"

"Ungesema hapana."

Bwana Mpangile alimtazama shemeji yangu kama vile amesikia neno la lugha ya kigeni, ambalo aliwahi kufundishwa shuleni akalisahau.

Tukaomba kibali cha kuvunja jiwe. Tukaambiwa mambo mawili. Kwanza, jiwe limechongwa jina la Waziri, na kulipasua jina la Waziri ni uhaini. Pili, hata wakubwa wakisamehe uhaini, mwombaji wa kibali aweke kidole kwanza, atambulike.

* * *

Msidhani Serikali ilikaa bure. Gari la vipaza sauti lilipita mitaani kutangaza Mpango wa Mpito. Kwa kuwa majina yaliyopo ni saba, na moja halishikiki, wananchi wote wangegawana yale sita. Kaskazini wakapewa Mpeleka Barua. Wa mtoni wakapewa Mfagiaji. Wanafunzi na watu wa mpakani wakawa Mgeni, jambo ambalo wa mpakani walisema si jipya kwao. Mtaa wetu wote tukawa Mchapaji.

Basi tukawa Wachapaji. Mchapaji alimuoa Mchapaji, na Mchapaji akawa shahidi. Mwizi alikamatwa sokoni, akaulizwa jina, akasema Mchapaji, na aliyeibiwa naye akasema Mchapaji, polisi wakafunga kesi kwa kuwa mtu hawezi kujiibia.

Tunu akarudi dirishani. Yusta akamwandikisha kwa jina jipya, akashika pumzi. Kioo kikafikiri muda mrefu kuliko siku zote, tukaanza kutabasamu. Kisha kikaandika: Mchapaji yupo. Kuingia haruhusiwi.

"Maana yake nini?" nikauliza.

Yusta alikuwa amemuuliza Bwana Mpangile tayari. Majina yale ya watumishi wa kompyuta yameumbwa hivyo kwa usalama. Jina linakuwepo, kazi linafanya, lakini mlangoni halifunguliwi.

"Hilo ndilo jina letu la kweli," akasema Tunu. "Lile la zamani walitukopesha." Akacheka, kisha akakaa kwenye benchi kwa kuwa miguu ilikuwa imeanza kumvimba.

* * *

Kelele zilipozidi, Serikali ikaunda Tume ya kutafuta aliyefuta wananchi. Tume ilikaa pale pale Wizarani. Ilikunywa soda, kwa kuwa mpika chai alikuwa ndiye mtuhumiwa.

Wataalamu walipima kile kitufe. Wakaona kwamba kidole cha mwisho kukigusa hakikuwa cha Waziri, hakikuwa cha Naibu wala cha Katibu Mkuu. Kilikuwa cha mpika chai. Mwenyekiti akamuuliza Tunu kama alilazimishwa.

"Niliambiwa niafiki."

"Kuafiki ni hiari," akasema Mwenyekiti. "Ndiyo maana kunaitwa kuafiki."

Neno la Waziri likaonekana lilikuwa maoni binafsi juu ya faili la salamu. Tunu akahukumiwa kifungo kirefu kwa kosa la kuwaondoa wananchi bila kibali. Mimi nilishika kichwa. Kondo akanishika bega, akaninong'oneza, "Nyamaza. Gerezani kuna zahanati."

Kweli. Zahanati ya gereza kuu ndiyo pekee iliyokuwa haijafungwa kabati la Mfumo. Fedha za kabati zilitolewa, lakini zilipotelea njiani, na kwa sababu ya wizi huo dawa ilikuwa inagawiwa na mganga kwa mkono, kama zamani. Nimeishi miaka mingi katika nchi hii, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningemwombea dua mwizi wa Serikali.

Tukampeleka dada yangu gerezani wenyewe, mapema alasiri, ofisi zilipofunguliwa. Amebeba mkoba wa nguo. Njiani anatania, "Wengine wanapelekwa fungate."

Pale langoni akaweka kidole. Hatambuliki.

Bwana Jela akatoka, mtu mzima mwenye mvi. Akatusikiliza mpaka mwisho.

"Mama, ningependa kukupokea," akasema. "Hukumu yako nimeiona. Lakini mfungwa asiyetambulika hahesabiki, na asiyehesabika akila chakula, chakula hicho nitakuwa nimekula mimi."

"Mfunge," akasema Kondo. "Chakula nitaleta mwenyewe. Kuku kila siku."

"Mzee, usinishawishi."

"Mfunge mke wangu, nakuomba. Amefuta nchi nzima. Unataka afanye nini tena ndio afae?"

Bwana Jela akavua kofia. "Si wewe wa kwanza. Tangu sherehe ile langoni hapakauki watu. Wengine hata kosa hawana. Wanataka paa." Akatazama miguu ya dada yangu, akatazama pembeni, akafunga lango taratibu, kwa adabu.

* * *

Baadaye watengenezaji wakatuma toleo jingine. Wakati huo watu walikuwa wameanza kuandamana, jambo jepesi sana kwa kuwa polisi hawakuwa na jina la kumkamatia mtu. Barabarani ulikuwa wimbo mmoja tu: Rudisheni la zamani. Waziri Kilindilo akatangaza kwamba amesikia kilio. Safari hii, akasema, kila faili litajibiwa "la zamani". Watu wakalia kwa furaha. Walimbeba begani tangu sokoni hadi Wizarani.

Bwana Mpangile akaja nyumbani kwetu na gari la Wizara. Itifaki ilitaka maswali yajibiwe na wale wale, kila mmoja kwa nafasi yake, na wa mwisho alikuwa Tunu. Chupa mtungini zilikuwa zimekwisha. Macho yake yalikuwa yanaona ukungu, na kinywa chake kilikuwa kikavu muda wote.

Njiani Tunu akamuuliza, "Bwana Mpangile, hilo la zamani ndilo lipi?"

Akakaza macho barabarani.

"Baba, nauliza. Wanasema la zamani. Lipi?"

"Ni lile lililopo sasa," akasema bila kugeuka. "Lile ulilobonyeza. Sasa hivi hilo ndilo la zamani."

"Na jipya?"

"Majina saba. Yale yale."

"Waziri anajua?"

"Hakuniuliza."

Kondo akasema neno ambalo siwezi kuliandika, nalo halikuwa bismillahi.

"Basi ile ya tatu?" akauliza Tunu. "Kuchanganya?"

"Ukichanganya, faili linafunguka liandikwe kwa mkono. Jina moja moja, upya." Bwana Mpangile akashusha sauti. "Lakini mama, Waziri atakuwa ameshasema."

Waziri akasema. "La zamani," akatamka, na uwanja mzima ukaimba. Naibu akaafiki, Katibu Mkuu akaafiki, wakateremka ngazi kwa ngazi mpaka dereva. Nje watu wanarusha kofia juu kwa ajili ya faili tupu. Tunu akaletwa kwa kiti, tumemshika mimi na Kondo.

"Faili la watu," akasoma Bwana Mpangile.

"Changanya," akasema dada yangu.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Hata mwenye kupiga matoazi aliyashika kwa vidole yasilie. Katika nchi yetu neno la pili halijawahi kusemwa ukumbini, kwa hiyo hapakuwa na utaratibu wa kulikasirikia. Tunu akatafuta kitufe kwa kupapasa, kwa kuwa haoni vizuri, akakibonyeza. Kioo kikafunguka cheupe, majina saba juu, na chini yake kistari kinametameta kikisubiri.

Waziri alikuwa mwanasiasa. Akainuka. "Mpika chai," akasema, "ametamka nililokuwa nakusudia." Makofi. Watu tukakumbatiana. Mimi mwenyewe nililia, na sioni haya.

"Haya, muandikeni huyu," akasema Kondo. "Tunu binti Mkeyenge. Anaumwa."

Mkuu wa Itifaki akamtazama kwa huruma. "Mzee, majina hayaandikwi kienyeji. Yanaandikwa kwa cheo. Unataka mpika chai awe mbele ya majaji?"

"Nataka awe hai."

"Hilo si la itifaki."

Wakaanza. Rais aliandikwa na vyeo vyake vyote. Wakafuata wake zake, na pakazuka mjadala juu ya yupi. Waziri Kilindilo aliandikwa, akafutwa, akaandikwa tena, kwa kuwa "Mhandisi" ilitangulia "Dakta". Mabalozi wa heshima wakaandikwa. Majenerali wakaandikwa, waliokufa vitani wakitangulia, kwa kuwa ni wakubwa zaidi. Kila jina lilisomwa kwa sauti, nao waliopo wakaafiki.

Tukamrudisha Tunu nyumbani. Kila alasiri nilikwenda Wizarani kuuliza walipofika, na kila jioni alinisubiri.

"Wamefika wapi?"

"Makatibu wakuu wasaidizi, dada."

"Karibu," akasema. Pumzi yake ilikuwa inanukia kama embe lililochacha. "Baada yao makarani, kisha madereva, kisha mimi."

Kondo alikuwa amekaa ukutani, kamshika mguu. Hakuchinja kuku siku hizo. Sokoni waliuziwa kuku wazima.

Alifariki wakiwa kwenye madereva.

* * *

Tulimzika bila kibali, kwa kuwa kibali cha maziko hutolewa kwa jina. Majirani walichimba, Yusta akalia kuliko sisi wote, na Bwana Mpangile alisimama nyuma kabisa, karibu na ua.

Matanga yalikuwa hayajaisha gari la gereza liliposimama mlangoni. Askari wawili wakashuka, mmoja na pingu, mwingine na kisanduku cha barafu. Walikuwa vijana wastaarabu. Wakavua viatu.

"Tumemfuata Tunu binti Mkeyenge," akasema wa pingu. "Jina lake limeandikwa jana, Mfumo umemtambua, na umekumbuka kuwa ana kifungo. Asiwe na wasiwasi, kitanda cha zahanati kimeshatengwa. Tumeambiwa tuanze kumdunga njiani."

Kondo akakitazama kisanduku. Akakifungua mwenyewe. Chupa zilikuwa zimepangwa humo, safi, zina jasho la baridi.

"Mmechelewa, wanangu," akasema. "Tumemzika."

Askari wakapeana macho. "Poleni sana, mzee. Basi mtupe taarifa ya kifo tufunge jalada. Aitoe ndugu au jirani yeyote anayetambulika, aweke kidole hapa."

Kondo akaweka. Hatambuliki. Mimi nikaweka. Wakapita kwa waombolezaji wote ukumbini, wakaenda kwa akina mama jikoni, wakavuka hadi nyumba za majirani. Uandikishaji ulikuwa umeishia kwa watu wa Wizara. Wachinja kuku na wachomelea mageti na wauza mihogo zamu yao haijatangazwa. Mtaa mzima aliyekuwa anatambulika ni mmoja.

"Kwa hiyo kiserikali bado yupo," akasema kijana wa pingu kwa sauti ya chini. "Ila hajapatikana."

Wanakuja kila Jumatatu. Kondo huwatolea kiti, huwapa maji. Wanauliza kama amerudi, anawajibu hapana, wanaandika kwamba wamefika. Kisha wanapakia kisanduku chao na kuondoka. Dawa ni ile ile yake, na kila wiki wanaileta mpya.